Kwa nini fundi wa kufunga mabango hakai?

SWALI: Nina karakana ya mabango Mwanjelwa, Mbeya. Mashine ya kuchapa ninayo, kazi zipo mpaka Tunduma na Makambako. Tatizo ni fundi wa kufunga: nikimpata mzuri hamalizi mwaka. Mshahara nimepandisha mara mbili na bado wanaondoka. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu, kabla hujapandisha mara ya tatu, fungua daftari la kazi za miezi mitatu iliyopita. Hesabu safari zote ambazo fundi alirudi saiti kurekebisha, na kila moja uandike chanzo chake: vipimo, vifaa, hali ya hewa au mkono wa fundi. Mara nyingi mkono wa fundi ndio unaochangia kidogo kuliko vyote, lakini posho inayokatwa ni yake. Hicho ndicho kinachomchosha fundi anayejijua kwamba anajua kazi.

Vipimo vinavyochukuliwa kwa simu ndivyo vibaya zaidi. Mteja wa Tunduma anasema ukuta una mita 4, bango linachapwa, fundi anafika anakuta mita 3.7, tena matofali yana matundu na boliti za kupanuka hazishiki. Siku imekwenda. Tengeneza karatasi ya ukaguzi: upana na kimo vipimwe sehemu mbili, aina ya tofali, umbali hadi chanzo cha umeme, nyaya za umeme za TANESCO zilizo jirani, urefu wa ngazi, na picha. Mashine isianze kuchapa mpaka fundi atakayefunga ameisaini. Sahihi hiyo inampa sauti kwenye kazi, na kwa mtu wa ujuzi hilo lina uzito.

Taa nazo zina lawama zake. Transfoma ya volti 12, wati 200, usiipe zaidi ya wati 160. Kwa moduli za LED (vile vipande vidogo vya taa) za wati 1.2, hizo ni moduli 133. Stoo ikitoa moduli 180 kwa transfoma moja, ni wati 216. Itaungua, na simu ya mteja itamwendea fundi. Boksi la taa lisilotobolewa matundu ya milimita 6 hadi 8 upande wa chini litatunza maji ya mvua za Novemba hadi Aprili.

Halafu kuna baridi yetu. Gundi ya stika nyingi haishiki vizuri ukuta au bati likiwa chini ya nyuzijoto 10, na asubuhi za Juni na Julai huku Mbeya na Njombe hufika huko. Ukimwahidi mteja saa mbili asubuhi, umemlazimisha fundi afanye kazi anayojua itabanduka. Asubuhi achomelee fremu, stika zisubiri jua lipande.

Makambako ni upepo. Bango la mita 3 kwa 2 likipigwa na upepo wa mita 20 kwa sekunde hubeba msukumo wa karibu kilo 150, na pengine zaidi kulingana na lilivyokaa. Fundi akidai nguzo nene au zege la kina zaidi, usimwambie bajeti imefungwa. Yeye ndiye anayepanda juu.

Kuhusu malipo: sheria ya ajira inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi za madukani hufanyika usiku au Jumapili, na wengi hulipa chakula tu. Lipa saa hizo. Msajili kwenye WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, mpe mkanda wa usalama wa mwili mzima, na asipande ngazi bila mtu wa kuishika.

Yule anayetaka kujitegemea hutamzuia, maana grainda na mashine ya kuchomelea anaweza kununua. Mashine ya kuchapa ndiyo ngumu kwake. Kwenye ankara, tenga gharama ya kufunga na ya kuchapa, kisha mkubaliane kwa maandishi: kazi za nje ya Mbeya azifunge kwa bei ya kila kazi, nusu alipwe kabla ya safari, na kurudi saiti kwa kosa la ofisi kulipwe kama kazi mpya. Ikiwa hana cheti, mpe nafasi akapimwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ujuzi wake utambuliwe, hata kama unahofia atakimbia nacho.