Maswali ya Wasomaji: Wazee wetu na malazi ya pwani ya Italia

SWALI: Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu, tunaishi Mikindani. Binti yetu ameolewa Genova, anataka twende tukae naye, kisha tulale wiki moja kwenye vijiji vya baharini vinavyoitwa Cinque Terre. Mume wangu ana miaka 74 na goti linamsumbua. Nauli tunategemea korosho za msimu huu. Tupange chumba wapi, na lini?
*Mama Mwalimu, Mikindani*

JIBU: Shikamoo Mama, na Mwalimu mpe shikamoo yake. Tuanze na goti, maana ndilo litakaloamua kijiji.

Cinque Terre ni vijiji vitano: Monterosso al Mare, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Picha zake zinapendeza kwa sababu nyumba zimepandana kwenye mwamba, na hapo ndipo mzee anapopata taabu. Corniglia kiko juu kabisa. Kutoka stesheni ya treni hadi kijijini kuna ngazi yenye vidato 382. Kipo kibasi kinachopandisha watu, lakini msiweke goti rehani kwa ratiba ya basi. Riomaggiore na Manarola ni mteremko mtupu na vyumba vingi vinafikiwa kwa vichochoro vya ngazi. Magari hayaingii katikati ya vijiji, kwa hiyo begi mnalibeba wenyewe.

Kwenu ninyi ni Monterosso, upande wa Fegina. Stesheni iko hapohapo ufukweni na njia ni tambarare. Vyumba vikiwa ghali, shukeni Levanto, mji wa jirani kwenye reli hiyohiyo, au Sestri Levante, mji tambarare wenye ghuba mbili, karibu zaidi na Genova. Vijiji vingine mtavitembelea kwa treni asubuhi na kurudi kulala. Kwa mzee, kulala Levanto na kwenda kuitazama Vernazza ni akili kuliko kinyume chake.

Sasa chumba. Matangazo ya huko hupenda kusema *a pochi passi dal mare*, yaani hatua chache kutoka baharini. Inaweza kuwa kweli kabisa, ila hatua zenyewe zikawa za kupanda. Mwambieni binti yenu amwandikie mwenye nyumba swali moja: *Quanti gradini dalla strada al letto?* Vidato vingapi kutoka barabarani hadi kitandani? Ajibiwe kwa namba. Anayejibu “vichache tu” muacheni.

Lifti wanaiita *ascensore*. Ulizeni inaanzia wapi, kwa sababu kwenye majengo ya zamani mara nyingi huikuti mlangoni. Unapanda ngazi kwanza ndipo uikute. *Piano terra* ni chini kabisa, *primo piano* ni ghorofa ya kwanza kama tunavyohesabu sisi. Jihadharini na *piano rialzato*: inasikika kama chini, kumbe imeinuliwa vidato kadhaa.

Bafuni, ombeni *doccia a filo pavimento*, bafu la kuoga ambalo sakafu yake haina kingo. Beseni refu la kuogea, *vasca*, linamtaka mtu ainue mguu hadi usawa wa goti akiwa amelowa, na hapo wazee wengi huteleza. Jambo moja litakalowafurahisha waliozoea kujisafisha kwa maji: bafu za Italia zina *bidet*, beseni dogo la kujitawadhia pembeni ya choo. Tangu 1975 kanuni zao zinataka kila nyumba iwe nalo walau kwenye bafu moja. Ni la kunawia tu, choo ni kile kingine.

Wakati. Agosti msiende. Waitalia wenyewe wote wako baharini, kilele ni sikukuu ya tarehe 15, vyumba ni ghali na treni zimejaa. Kuanzia Novemba hadi Machi hoteli nyingi za vijijini hufungwa. Vuli nayo huja na mvua kali; tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko yaliivunjavunja Vernazza na Monterosso. Zinazowafaa zaidi ni Juni na nusu ya kwanza ya Septemba, na Septemba bahari bado ina joto la kiangazi.

Hapo korosho zinawatega. Fedha ya mnada huanza kuingia Oktoba na kuendelea, wakati huko milango inafungwa. Msilazimishe kusafiri mwaka huohuo. Malipo yakiingia, wekeni fungu pembeni kwa ajili ya Juni. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Italia, yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Kwa hiyo Desemba au Januari mnaweza kuwa tayari kwenye ubalozi wa Italia, Dar es Salaam. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na hairudi mkikataliwa. Bima ya safari lazima ifidie angalau yuro 30,000. Kwa umri wa Mwalimu, someni kama inagusa maradhi aliyonayo tayari.

Kosa linalogharimu watu zaidi ni kulipia chumba cha bei poa kilichoandikwa *non rimborsabile*, yaani fedha hairudishwi. Viza ikigoma, fedha imekwenda. Chukueni chenye *cancellazione gratuita*, kufuta bila malipo, na mwandike pembeni tarehe ya mwisho ya kufuta. Chumba cha kupanga kwa siku chache lazima tangazo lake liwe na namba ya usajili ya taifa, CIN. Isipokuwepo, msitume hata senti. Tena kuna *tassa di soggiorno*, kodi ya kulala, kwa kila mtu kwa kila usiku. Mara nyingi haimo kwenye bei mliyoiona na hudaiwa taslimu, kwa hiyo tembeeni na chenji.

Hotelini pasi zenu zitaandikishwa polisi na mwenye hoteli. Nyumbani kwa binti ni tofauti: yeye ana saa 48 za kutoa taarifa kwamba ana wageni. Na kama mmeingia Ulaya kupitia nchi nyingine ya Schengen, ninyi wenyewe mnatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya siku 8. Wakwe hulisahau hili kwa furaha ya kupokea wageni.

SWALI: Babu anatembea kwa mkongojo. Mjomba aliyeko Napoli anasema tumpeleke Positano. Panafaa?
*Kijana wa Lindi mjini*

JIBU: Kwa kupiga picha kutoka kwenye boti, ndiyo. Kwa kulala, hapana. Positano ni ngazi kutoka barabara kuu hadi mchangani, na mabasi ya pwani ile hujaa watu wakasimama kwenye kona kali. Tafuteni chumba Maiori, ambako mji ni tambarare na ufukwe ni mrefu. Au laleni Salerno, penye treni kutoka Napoli na boti za kwenda Amalfi na Positano majira ya kiangazi. Bahari ikichafuka boti hazitoki, kwa hiyo msipange safari ya boti siku ya ndege.

Kwenye treni, stesheni kubwa zina huduma ya bure ya kuwasaidia wasioweza kupanda, inaitwa *Sala Blu*. Mjomba apige simu mapema, asingoje siku ya safari. Ufukweni ajue pia kwamba sehemu kubwa ina wenyewe na unalipia kiti na mwavuli. Pa bure pameandikwa *spiaggia libera*. Kwa mtu wa Lindi kulipia kukaa mchangani ni kichekesho, ila kwa Babu kiti kina faida: kuinuka kutoka chini na mkongojo si kazi ndogo.

SWALI: Ni kweli masista wa Italia hupokea wageni? Na sisi Waislamu je?
*Msomaji, Masasi*

JIBU: Kweli. Tafuta maneno *casa per ferie*, yaani nyumba ya mapumziko. Wengi hawaulizi dini. Vyumba ni safi, vya kawaida, mara nyingi vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, na bei huwa chini ya hoteli. Geti lina saa ya kufungwa, nyingi saa 4 au 5 usiku. Uliza kabla, maana ndege ikichelewa mtalala nje. Chakula cha jioni kikiwemo, sema mapema *niente maiale, niente vino*, hakuna nguruwe, hakuna mvinyo, na kwenye mikate uliza kama kuna *strutto*, mafuta ya nguruwe. Mkiwa Liguria, mkoa wenye Genova na Cinque Terre, *farinata* haina shida: ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi.