Jibu: Kwa nini reli ya San José hadi Limón ilichukua karibu miaka 20

Ndugu, umeuliza inakuwaje reli ya Costa Rica, kutoka mji mkuu San José hadi bandari ya Limón kwenye pwani ya Karibi, yenye urefu wa takriban kilomita 160 tu ianze kujengwa mwaka 1871 na ikamilike Desemba 1890. Milima ni sehemu ya jibu, kwa kuwa San José iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, naona uwanda wa pwani ya Karibi ndio uliotesa zaidi: mvua hazikatiki, tuta lililoshindiliwa leo kesho limezolewa na mafuriko, na malaria pamoja na homa ya manjano viliua vibarua kwa maelfu, wakiwemo Wajamaika, Wachina na Waitaliano.

Kule juu nako, kwa sababu ujenzi ulianzia pande zote mbili, vyuma vya sehemu ya Bonde la Kati, yaani nyanda za juu zilipo San José, vilipitishwa bandari ya Puntarenas, pwani ya Pasifiki, kisha vikakokotwa mlimani kwa mikokoteni ya ng'ombe.

Halafu fedha zikakauka. Mikopo iliyochukuliwa London ilifika nchini ikiwa imemegwa vibaya, serikali ikashindwa kulipa, na mwaka 1884 Minor Keith, mkandarasi Mmarekani wa reli hiyo, akakubali kumalizia kazi kwa masharti ya kupewa ekari 800,000 za ardhi na kuiendesha reli kwa miaka 99. Migomba aliyokuwa ameipanda kando ya njia, ili treni zisikose mzigo, ndiyo iliyomtajirisha.