Uislamu na ukoloni: walimu waandaliwe vipi?

Swali: Naandaa mafunzo ya siku moja kwa walimu wa historia wa sekondari. Nianzie wapi?

Jibu: Mhadhara uache kwanza. Wakae wanne wanne, wapewe mifano miwili inayogongana: Abdelkader, kiongozi wa Kiislamu aliyepigana na Wafaransa Algeria kuanzia 1832 hadi 1847, na maemiri (watawala wa Kiislamu) wa Kaskazini mwa Nigeria, ambao Waingereza waliwaacha watawale chini yao baada ya kuiteka Sokoto, makao ya dola yao ya Kiislamu, mwaka 1903. Dini moja, kwa nini njia mbili? Wengi hukwama hapa, maana wamezoea kusema "Waislamu walipinga" kana kwamba ni mtu mmoja.

Kisha leta barua ya ofisa wa kikoloni: alimwandikia nani, akitaka nini? Mwishoni wafundishane kwa nusu saa. Muda ukibana, punguza maelezo yako, si zoezi hilo.