Mikopo chechefu inaweza kunifikisha London?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 26, nimesomea uhasibu, na huu ni mwaka wangu wa pili katika kitengo cha mikopo chechefu, yaani mikopo ambayo wakopaji wameshindwa kuilipa, cha benki moja hapa Mwanza. Nasikia London na New York kuna watu wanaoishi kwa kununua na kuuza madeni ya makampuni yaliyokwama. Nifanye nini nifike huko? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeshaanza, hujui tu. Mimi niko London kwenye kazi hii mwaka wa 11, na wenzangu wengi wenye shahada nzito hawajawahi kuketi na mdaiwa aliyeshindwa kulipa. Wewe unaketi naye kila siku.

Kazi yenyewe ni kusoma. Chukua kampuni inayodaiwa 100, na mali zake zikiuzwa zinaleta 60. Benki yenye dhamana inadai 50, inachukua zote. Wasio na dhamana nao wanadai 50, wanagawana 10 iliyobaki; yaani katika kila 100 wanapata 20. Ukinunua deni lao kwa 12 katika kila 100 na ukalipwa hiyo 20 baada ya miaka 3, faida ni asilimia 18 na ushee kwa mwaka. Kesi ikiburuzwa miaka 7, inashuka hadi asilimia 7 na ushee. Muda ndio unaokula, na muda wameushika mawakili.

Kwa hiyo isome sheria kwa bidii kuliko hesabu. Mwaka wangu wa 3 nilishauri tununue deni lenye dhamana ya mitambo. Mkataba ulikuwa umesainiwa, lakini dhamana haikusajiliwa ndani ya siku 21 kama sheria ya Uingereza inavyotaka. Kampuni ilipofilisika tukasukumwa nyuma kabisa ya foleni. Iliniuma sana. Tangu hapo naanza na daftari la usajili wa dhamana, hayo mengine baadaye.

Kuna jambo ambalo kwenye usaili hutaulizwa. Mwaka 1979 Zambia ilikopa Romania ili inunue mashine za kilimo. Mwaka 1999 kampuni ya kununua madeni, Donegal International, ilinunua deni hilo kwa dola milioni 3 na kitu, kisha ikadai zaidi ya milioni 50. Mwaka 2007 mahakama ya London ikaipa milioni 15 hivi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2010 kubana madai ya namna hiyo. Madeni ya nchi maskini mimi siyagusi, na bosi wangu anajua. Amua lako kabla hujaajiriwa, maana ukishapangiwa faida ya kuleta kila mwaka, kukataa ni kazi.

London isubiri kidogo. Omba uhamishiwe kwenye mikopo mikubwa ya makampuni, na uanze mitihani ya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji. Jumatatu chukua faili moja lililofungwa, uandike ukurasa mmoja: nani alilipwa kwanza, ilichukua miaka mingapi, benki iliambulia shilingi ngapi katika kila mia. Nilipokwenda kwenye usaili wangu wa kwanza nilibeba kurasa 20 za aina hiyo, majina ya wateja nimeyafuta, na hizo ndizo tulizozungumzia saa nzima.