Graviti (uvutano unaotushika chini) iingizwe kundi moja na zile nguvu tatu au tuiache na mambo yake?

Mkuu unayesema graviti haina haja ya kuwemo kwenye nadharia moja ya nguvu zote kwa sababu Einstein alishasema ni kujipinda kwa anga na wakati tu, mimi nafundisha tuisheni ya fizikia hapa Moshi na nilikuwa upande wako kabisa. Nilikuwa nawaambia madogo zile tatu ni ndugu, umeme na sumaku Maxwell kaviunganisha karne ya 19, ile nguvu dhaifu ya ndani ya nyuklia wakaiunganisha nazo akina Glashow, Salam na Weinberg wakala Nobel 1979, ile kali inayoshikilia nyuklia ya atomu watu bado wanahangaika nayo, graviti muiache huko.

Na ushahidi ninao mfukoni, sumaku ya spika iliyoungua, nilipewa na fundi redio mmoja Kiborloni. Naweka msumari mezani, nashusha sumaku taratibu, mara ta! msumari umenasa. Dunia nzima hii inauvuta chini na imeshindwa na kidude cha kiganjani. Kati ya protoni mbili umeme unaizidi graviti kwa moja yenye sifuri 36, sasa hao wanafananaje?

Basi siku moja binti wa fomu siksi, mkimyaa, akanyoosha mkono, "Mwalimu si ulisema elektroni inaweza kuwa hapa na pale kwa pamoja mpaka ipimwe? Na masi inayo. Sasa graviti yake inavutia kuelekea wapi?"

Aisee. Nikajifanya natafuta chaki.

Maana hesabu za Einstein za 1915 zinataka uziambie masi iko wapi, kwanta yenyewe, yaani fizikia ya vidogo kama elektroni, inakupa uwezekano tu. Kwahiyo uiite nguvu, uiite kujipinda, vinavyoipinda hiyo anga ni vitu vya kwanta, lazima Einstein na kwanta wapatane mahali. Ila kupatana sio lazima kuwa kitu kimoja na zile tatu, hiyo ya pili ni tamaa yetu (hata Einstein mwenyewe ilimla miaka 30 ya mwisho), na kuupima huo upatano moja kwa moja ungehitaji mashine yenye nishati inayoizidi kwa kama moja yenye sifuri 15 ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe ya CERN, maabara ya Ulaya, nani atailipia?

Wiki iliyofuata nikamwambia binti ukweli, hakuna anayejua. Akaandika kwenye daftari "halina jibu", akapiga mstari kwa rula.