"Arksaini ya safu" au "arksaini za safu"?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandaa maelezo ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, kwa Kiswahili, ni ya wanafunzi wanaoanza programu. Mwenzangu anasema niandike "arksaini ya safu", mimi naona ni "arksaini za safu" maana majibu yanatoka mengi. Nani yuko sahihi? Au niseme tu "kinyume cha saini" yaishe?

JIBU: Marahaba. Kisarufi wote mko sawa ila wote mnamchanganya mwanafunzi. Arksaini, yaani pembe ambayo saini (sine) yake ni namba uliyopewa, imeingia ngeli ya I-ZI kama maneno mengi ya kukopa, haibadiliki umbo, umoja na wingi unaujulia kwenye "ya" na "za" tu, na safu (array, namba zilizopangwa kwa mfuatano) nayo ngeli hiyohiyo: safu hii, safu hizi. Sasa chukua [0, 0.5, 1], ipitishe kwenye np.arcsin, amri ya NumPy ya kutafuta arksaini, unapata [0, 0.5236, 1.5708], yaani zimeingia namba tatu zimetoka tatu, kila moja palepale ilipokuwa mwenzake. Safu yenyewe kama safu haina arksaini, zinazo namba zilizomo. Kwa hiyo andika "arksaini ya kila namba kwenye safu", ubishi wa ya na za umekwisha, na hapo hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini math.asin ya Python ukiipa listi inagoma na TypeError (kosa la aina ya data), yenyewe inataka namba moja.

"Kinyume cha saini" mimi siipendi, na sio kwa sababu saini ni ile ya kwenye cheki pia, hilo muktadha unalimaliza. Shida ni kwamba mtu akisikia kinyume anagawa 1 kwa saini. Jaribu kwa 0.5: 1 gawanya kwa saini yake ni kama 2.09, arksaini yake ni 0.5236, wapi na wapi! Ukilazimika, sema "pembe ambayo saini yake ni 0.5", ndefu kidogo lakini haidanganyi.

Halafu usiache jibu bila kipimo. 0.5236 ni radiani, kipimo kingine cha pembe, ukitaka nyuzi pitisha kwenye np.degrees utapata nyuzi 30. Nyuzi 30 jamani, sio "nyuzi ya 30" kama wengi wanavyoandika siku hizi, "ya" ikikaa hapo inakuwa ya kuhesabia nafasi, kama mtoto wa tatu. Na kwenye safu kosa hilo linauma zaidi maana "namba 2" ni thamani na "namba ya 2" ni nafasi. Mwambie mwanafunzi "arksaini ya namba 2" atapata nan (yaani "si namba") pamoja na onyo, kwa sababu saini ya pembe haizidi 1, mwambie "arksaini ya namba ya 2" kwenye safu yetu pale juu atapata 0.5236, na kwenye kodi ataiita kwa indeksi (namba ya nafasi) 1 kwa kuwa Python inaanza kuhesabu na 0.