Mashine ya Mashua ya Tanga: Pima Mguu Kabla ya Kuuliza Nguvu

Anayenunua mashine ya kupachika kwa ajili ya mashua ya tanga huanza na swali moja: ya farasi wangapi? Ni swali la haki, lakini miaka niliyosafiri na chombo kidogo chenye mashine kwenye tezi, yaani nyuma kabisa ya chombo, imenifundisha kuliweka la tatu. La kwanza ni urefu wa mguu wa mashine, yaani sehemu inayoshuka majini, la pili ni propela. Ukiyapata hayo mawili, nguvu kidogo itakutosha. Ukiyakosa, hata mashine kubwa itanguruma hewani huku mkondo ukikupeleka mwambani.

Mashua ya tanga haipandi juu ya maji kama boti ya mwendokasi. Inayapasua maji na kuyasukuma pembeni, na kasi yake ina ukomo unaotokana na urefu wa sehemu inayokaa majini. Chukua urefu huo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43, utapata noti, yaani maili za bahari kwa saa. Mashua yenye mita 6 majini inaishia karibu noti 6. Ukiongeza nguvu baada ya hapo, tezi inazama, omo (mbele ya chombo) inainuka, wimbi la nyuma linakua na petroli inakwisha, lakini kasi haiongezeki kwa kiasi cha kutaja. Kwa hiyo kinachonunuliwa hapa ni msukumo wa saa mbaya: tanga limeshushwa, upepo ni wa mbisho, unakuja kutoka mbele, mawimbi mafupi yanapiga omo, na mlango wa bandari uko mbele yako. Mimi kila kitu cha mashine nakipima kwa saa hiyo.

Mguu huuzwa kwa vipimo vitatu vikuu: mfupi wa inchi 15, mrefu wa inchi 20 na mrefu zaidi wa inchi 25, yaani takriban sentimita 38, 51 na 64. Kipimo huanzia pale mashine inapokalia ubao na kwenda hadi karibu na bamba bapa lililo juu ya propela. Bamba hilo linazuia hewa isivutwe kutoka juu ya maji. Hewa ikishafika kwenye propela, panga hazishiki kitu: mlio unapanda ghafla, msukumo unakatika, na chombo kinaanza kwenda kinakopelekwa na upepo. Kwenye boti ya mwendokasi bamba huwekwa karibu usawa wa chini ya boti na inatosha. Mashua ya tanga hunesa. Omo ikiingia kwenye bonde la wimbi, tezi inanyanyuka na propela inanyanyuka nayo. Ndiyo maana nataka bamba liwe angalau sentimita 10 chini ya maji chombo kikiwa kimetulia, na zaidi ya hapo nikipata nafasi.

Kupima kwenyewe kunataka uaminifu. Pakia mashua vile unavyosafiri nayo kweli, pamoja na nanga, maji ya kunywa na vifaa vyote. Kisha mwombe mtu mmoja au wawili wasimame omoni kabisa, ndipo upime kutoka mahali mashine itakapokaa hadi usawa wa maji. Hii ya watu kusimama omoni wengi huiacha, na kwangu ndiyo inayoamua. Fikiria ni lini unaihitaji mashine kuliko wakati mwingine wowote: mwenzako yuko mbele anashusha tanga la omo, au anang'oa nanga, au ameshika kamba ya gati. Ni dakika hiyohiyo ambapo uzito wake unaiinua tezi. Kwenye mashua ndogo, mtu mzima mmoja mbele anaweza kuutoa mguu mfupi majini kabisa. Ukiongeza zile sentimita 10 juu ya kipimo ulichopata, utaona kwamba mashua nyingi za mita 5 hadi 8 zinataka inchi 20 au 25. Mguu wa inchi 15 uwe wa kihori cha kwendea pwani.

Mguu mrefu una taabu yake: unapokwenda kwa tanga ni lazima utoke majini, maana unaburuza na chumvi inaula. Hapo ndipo breketi ya kupandisha na kushusha inapopata thamani. Soma uzito ambao springi zake zimepangiwa. Breketi nyingi za zamani zilitengenezwa wakati wa mashine za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli, ambazo kwa nguvu ileile huwa nyepesi. Ukiipachika mashine ya mipigo minne juu ya springi hizo, kazi ya kuinua itabaki kwa mgongo wako, na utaifanya umeinama nje ya tezi katika mawimbi. Angalia pia upande. Mashine iliyopachikwa kando ya usukani itatoka majini chombo kikilalia upande wa pili, na itazama mno kikilalia upande wake. Na kabla ya kutoboa tundu lolote, pinda usukani hadi mwisho pande zote mbili uhakikishe haufiki kwenye propela.

Sasa propela, ambayo naiona imesahaulika kuliko vyote. Kila propela ina kipenyo na ina pichi, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Chukua mashine inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, yenye gia ya 2.08 kwa 1 (mashine inazunguka mara 2.08 propela ikizunguka mara moja) na propela ya pichi ya inchi 8. Propela inazunguka kama mara 2,400 kwa dakika, na kila mzunguko ni sentimita 20. Hesabu hiyo inakupa zaidi ya noti 15. Mashua yako haifiki hata 7! Propela hiyo ilitengenezewa kiboti chepesi kinachoruka juu ya maji. Kwenye chombo kizito inateleza, inachafua maji, na mashine haifikii mizunguko yake, kama mtu anayepanda mlima kwa gia ya juu ya baiskeli.

Tunachohitaji ni propela yenye kipenyo kikubwa, pichi ndogo, na gia inayoizungusha polepole. Watengenezaji wanalijua hilo. Yamaha T9.9 ina gia ya 2.92 kwa 1, ilhali F9.9 ya kawaida ya kampuni hiyohiyo ni 2.08 kwa 1. Nguvu ni zilezile kwenye karatasi, lakini nyuma ya mashua nzito ni mashine mbili tofauti. Tohatsu wanatoa farasi 6 ya Sail Pro yenye mguu wa inchi 25, propela ya msukumo mkubwa na alteneta ya kuchaji betri. Kama tayari una mashine nzuri ya kawaida, uliza kwanza propela ya pichi ndogo zaidi inayoikubali. Inagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mashine mpya, na kwa maoni yangu hakuna pesa inayofanya kazi kubwa zaidi kwenye tezi. Utaona tofauti hasa unaporudi nyuma, kwa sababu mashua ya tanga haina breki nyingine inapofika gatini. Hakikisha tu ile ndoano inayoushikilia mguu usiruke juu wakati wa kurudi nyuma inafunga sawasawa. Jaribu ukiwa mbali na gati.

Nguvu, basi. Kanuni ninayoitumia ni farasi 4 hadi 5 kwa kila tani ya chombo kilichopakiwa. Chombo cha kilo 600 kinaridhika na farasi 2.5 au 3.5, na cha tani 1.2 kinataka 5 au 6. Anayepita mara kwa mara kwenye mlango wa bandari wenye mkondo mkali aongeze kidogo, kwa sababu mkondo wa noti 3 unakula nusu ya kasi yako kabla hujaanza kuhesabu upepo. Zaidi ya hapo sioni sababu. Kuna jambo moja la kuangalia katika madaraja haya: mara nyingi mashine za farasi 4, 5 na 6 ni injini moja iliyobanwa kwa namna tofauti. Kwa Tohatsu zote tatu ni silinda moja ya sentimita za ujazo 123, na uzito karibu uleule, kilo 26 hivi. Kama bei haitofautiani sana, chukua 6. Ukivuka kwenda 8 au 9.9 unaingia kwenye mashine za silinda mbili, kilo 37 na kuendelea, na uzito wote huo unaning'inia mahali pabaya kuliko pote: mwisho kabisa wa chombo. Mashua ndogo itakaa tezi chini na itakuwa nzito wakati wa kwenda kwa tanga, ambao ndio wakati mwingi.

Zile ndogo kabisa, za farasi 2 na kitu, nazipenda kwa vyombo vyepesi. Honda BF2.3 inapozwa kwa hewa, hivyo haina pampu ya maji ya kuharibika, ila makelele yake ni makubwa. Nyingi za daraja hili hazina gia ya nyuma. Unaigeuza mashine nzima nusu duara. Inafaa, mradi umejizoeza. Tangi lake liko ndani na linabeba kama lita 1, maana yake utajaza petroli ukiwa baharini. Kumimina petroli karibu na mashine ya moto, chombo kikiyumba, ni kazi nisiyomtakia mtu. Kwa hiyo safari yako ikizidi saa moja ya mashine, tafuta yenye tangi la nje na mpira wa kuletea petroli. Kadiria theluthi moja ya lita kwa kila farasi kwa saa, mkono wa petroli ukiwa umefunguliwa wote. Farasi 6 inakunywa lita 2 hivi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujikusanya chini ya chombo ambako cheche moja inatosha. Tangi likae mahali penye upepo, kamwe lisiwe chini ya kitanda au ndani ya kabati lililofungwa.

Nimeulizwa sana kuhusu mashine za umeme, na nimezitumia vya kutosha kuzisifia bila kusita. Hazina kabureta ya kuziba, zinawaka kila mara, zinatii mkono hata kwa mwendo wa konokono, na gatini mnaweza kusikilizana. Lakini fanya hesabu kabla hujavutiwa. Betri ya kilowati-saa 1.2 hukupa kwenye shafti kazi inayokaribia ya nusu lita ya petroli. Mashine ya kilowati 1 ikikazwa yote inaimaliza kwa saa moja na robo hivi. Habari njema ni kwamba ukipunguza nguvu nusu, kasi haishuki nusu. Unabaki na kama robo tatu ya kasi na muda unarudufika. Kwa anayetoka bandarini, akapandisha tanga, akarudi jioni palepale, inatosha na inazidi. Kwa anayeweza kujikuta maili 10 kutoka bandarini upepo umekufa, bado ningempa petroli.

Mashine za petroli zinazogoma, kwa nilivyoona, nyingi zina ugonjwa mmoja: petroli iliyolala. Inachacha ndani ya kabureta na kuziba vitundu vyembamba kama nywele. Mwisho wa safari, funga petroli na uiache mashine imalize iliyomo ndani hadi izimike yenyewe. Isafishe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Badilisha impela ya pampu ya maji kila mwaka au miwili, hata kama inaonekana nzima. Na ukiilaza mashine ya mipigo minne, ilaze upande ulioandikwa na mtengenezaji, la sivyo oili itaingia kwenye silinda.

Anayenunua iliyotumika aombe iwashwe ikiwa baridi. Mashine iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Tazama mrija wa maji ya kupozea utoke kwa nguvu bila kukatika. Fungua skrubu ya chini ya gia utoe oili kidogo: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimekwisha. Kisha ipachike kwenye mashua yako mwenyewe, funga kamba ya usalama kwenye mashine kabla ya kukaza vibano, vaa mkononi kamba ya kuzimia, mwende penye mawimbi. Mtume mtu omoni. Kaza mkono wote dhidi ya upepo usikilize kama propela inabaki majini, halafu weka gia ya nyuma uone chombo kinasimama kwa urefu gani. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mshukuru, muage, utafute nyingine.